Skrini Ikizima, Uliza Kwanza Nani Amezima



Wacha nianze na kosa langu mwenyewe, usije ukadhani nimekaa hapa kukuhubiria nikiwa sina doa.

Ramadhan iliyopita, usiku mmoja katika kumi la pili, simu yangu ilianza kulia mfululizo. Akina mama wa msikiti wetu hapa Kakamega wana chumba chao kando. Ndani yake kuna TV ya kisogo, ile nzito ya zamani, pamoja na dikoda na dishi vilivyonunuliwa kwa mchango miaka mingi iliyopita. Tukimaliza tarawehe yetu, wao hubaki pale kidogo wakitazama tarawehe ya Makkah mubashara. Saa zetu na za Makkah ni zile zile, kwa hivyo ni kama wamehamia safu nyingine tu. Kwa wengi wao hiyo ndiyo Makkah watakayoiona maishani, manake nauli ya Umra hawana na hawaitarajii.

Usiku huo chaneli ikakataa. Skrini nyeusi, maandishi madogo ya Kiingereza katikati, basi. Chaneli zingine zilikuwa zinashika kama kawaida: za muziki, za mieleka, za mahubiri ya dini zingine. Ile ya Makkah pekee ndiyo iliyopotea.

Unaweza kukisia kilichofuata. Kabla ya daku, ujumbe wa sauti ulikuwa umeingia kwenye kundi letu la WhatsApp, kijana fulani akisema kwa uchungu kwamba sasa wameanza kuzima chaneli za Waislamu, leo ni Makkah, kesho itakuwa misikiti. Nilisikiza mara moja. Nikausambaza kwa makundi matatu na kuongeza maneno yangu: "Umma, amkeni!" Nikalala nikijiona mpiganaji kabisa.

Asubuhi tukamwita fundi wa dishi, kijana wa huku Lurambi, si Muislamu. Alishika rimoti, akabonyeza bonyeza, akaniangalia. "Chaneli yenu iko," akasema. "Imehama tu. Siku hizi inatoka kwa HD, na hii dikoda yenu ni ya zamani, haisomi." Akatoa dikoda yake kwenye begi, akachomeka nyaya zile zile, kwa dishi lile lile na TV ile ile ya kisogo. Dakika kumi hazikuisha, Kaaba ikatokea, safi kuliko tulivyowahi kuiona pale. Akina mama wakapiga takbiri. Mimi nikatoka nje nikiangalia viatu.

Nilirudi kwa yale makundi matatu nikaomba msamaha. Lakini ujumbe ulikuwa umeshafika Mumias, umefika Busia, na siku mbili baadaye shangazi yangu aliye Mombasa akanitumia mimi mwenyewe, akiniambia ameupata kutoka chanzo cha kuaminika.

Nimeandika hii kwa sababu jambo hili litarudi. Litarudi kwa msikiti wako, kwa nyumba ya nyanya yako, kwa hoteli ya chai mtaani kwenu. Na likirudi, nataka uwe na kitu cha kufanya zaidi ya kubonyeza "sambaza."

Hebu kwanza tuelewe ni nini kinaendelea.

Picha ya TV ya kawaida, ile inaitwa SD, kwa mfumo tuliorithi huku kwetu ina mistari 576 kutoka juu hadi chini. Picha ya HD ina mistari 720 au 1080. Ukihesabu zile nukta ndogo zinazounda picha, HD ya 1080 ina nukta karibu mara tano ya SD. Ndiyo maana unaona jasho usoni mwa mchezaji.

Setilaiti nayo ni kama matatu, viti vyake vinahesabika. Chaneli hulipia nafasi. Kwa miaka mingi stesheni nyingi zimekuwa zikituma kipindi kimoja mara mbili, mara moja kwa SD kwa ajili ya wenye vifaa vya zamani, na mara moja kwa HD kwa wenye vipya. Yaani abiria mmoja analipa viti viwili. Ikafika mahali wakasema, wacha tulipie kimoja. Na kinachoachwa siku zote ni kile cha SD.

Kuna jambo la pili. Dikoda nyingi za zamani zilitengenezwa kusoma mfumo wa MPEG-2 unaosafirishwa kwa DVB-S, teknolojia ya miaka ya 1990. Chaneli za HD kwa kawaida hutumia MPEG-4, mara nyingi kwa DVB-S2, ambazo zinabana picha vizuri zaidi na kupitisha mzigo mkubwa kwa nafasi ndogo. Dikoda ya zamani ikikutana na mfumo mpya ni kama mtu aliyesoma herufi za Kirumi pekee akapewa barua ya Kiarabu. Barua iko mkononi, anuani ni yake, lakini hawezi kuisoma. Wakati mwingine utapata sauti bila picha. Wakati mwingine hata jina la chaneli halitokei kwa orodha.

Na hili si la Kakamega peke yake. BBC ilifunga matangazo yake ya SD kwa setilaiti huko Uingereza mnamo Januari 2024. ARD, shirika la utangazaji la umma Ujerumani, likafunga ya kwake Januari 2025. Wazee wa huko nao waliamka wakakuta skrini nyeusi, na hao hawakuwa Waislamu wanaotafuta Makkah. Kwa hivyo ndugu yangu, ukisikia chaneli imepotea, usikimbilie kusema tumepigwa vita. Surat Hujurat inatuagiza tuhakikishe habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua, na sijaona mahali ilipotoa ruhusa maalum kwa WhatsApp.

Sasa, najua kuna mtu hapa anasema: "Sawa, basi hakuna shida. Ni teknolojia tu. Nunua dikoda mpya tuendelee na maisha."

Hapana. Hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Kusema hakuna aliyetukusudia si sawa na kusema hakuna aliyeumia. Wacha nikupeleke nyuma kidogo, kwa sababu sisi Wakenya tumeshapitia jambo la aina hii, na tulilipita bila kujifunza.

Mwaka 2006 nchi nyingi zilikubaliana Geneva, chini ya shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ITU, kwamba matangazo ya TV ya analogi yaondolewe, na 17 Juni 2015 ikawekwa kuwa mwisho. Kenya ilizindua matangazo ya dijitali Desemba 2009, wakati wa Rais Kibaki. Tulianza na mfumo unaoitwa DVB-T. Muda si mrefu serikali ikabadilisha, ikaenda kwa DVB-T2 ambao ni bora zaidi. Uamuzi mzuri kiufundi. Lakini wale waliowahi, waliosikia wito wa serikali wakakimbia kununua visanduku vya kwanza, vikawabaki mkononi. Waliotii mapema ndio waliolipa mara mbili.

Kisha zikaja kesi. Mashirika makubwa ya habari na serikali walivutana mahakamani kuhusu nani apewe leseni ya kusambaza mawimbi, mpaka Mahakama ya Juu ikaamua Septemba 2014. Februari 2015 mitambo ya analogi ikazimwa, na NTV, KTN, Citizen na QTV zikatoweka hewani karibu wiki tatu huku wakubwa wakiendelea kuvutana. Tulioumia ni sisi tuliokuwa nyumbani, na hakuna aliyetuuliza.

Nilikuwa bado sekondari. Kukhu wangu, nyanya yangu mzaa baba, alikuwa anaishi kijijini upande wa Mumias na TV moja ndogo aliyonunuliwa na wanawe. Baada ya analogi kuzimwa, ile TV ikawa meza. Akaiwekea kitambaa cha kushonwa kwa mkono, juu yake akapanga dawa zake za presha. Hakuna mtu aliyefika pale kumweleza ni kisanduku gani anunue, au kwamba TV yenyewe bado ni nzima.

Mwaka huo, usiku wa kuandama mwezi wa Shawwal, redio yake ilikuwa imekwisha betri. Zamani angemwona Kadhi Mkuu akitangaza kwa TV, na jirani wote wangejaa kwake kusikiliza. Usiku huo hakusikia kitu. Alifunga. Saa nne asubuhi mtoto akapita na kanzu mpya akimwambia "Idd Mubarak, kukhu." Unajua mwenyewe hukumu ya kufunga siku ya Idd. Alikunywa maji akiwa amesimama pale mlangoni, na alilia. Alikuwa mtu mzima, amefunga Ramadhan kuliko nilizoishi mimi, na alijiona kama mtu aliyesahauliwa.

Hakuna aliyekaa mahali akapanga kumzuia nyanya mmoja wa Mumias asipate habari ya mwezi. Najua. Ila hakuna pia aliyekaa mahali akajiuliza atapataje. Na katika nchi yenye Katiba, kutofikiriwa nako ni kunyimwa.

Sisi Waislamu wa Magharibi tunaijua hali hii vizuri. Uislamu haukufika hapa jana, uko tangu enzi za Nabongo Mumia na misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani. Lakini tuko mbali na Mombasa, mbali na Nairobi, na wachache miongoni mwa majirani zetu. Tangazo likitolewa kwa Kiingereza kwenye tovuti, au kwa bango pembeni mwa skrini kwa wiki mbili, linapita juu ya vichwa vyetu. Mama wa Shibuli anayeuza mboga hadi saa moja usiku hasomi tovuti ya kampuni ya dikoda.

Mwingine atasema: "Siku hizi kila kitu kiko YouTube." Ni kweli, Makkah iko mubashara kwa intaneti saa ishirini na nne. Lakini hebu piga hesabu. Saa mbili za video kila usiku, siku thelathini, kwa bando za kununua mia mia. Nani analipa? Na simu yenyewe ni ya nani? Dishi moja pale msikitini linatosha akina mama arobaini bila mtu kulipa shilingi ya mwezi. Simu moja inatazamwa na watu watatu, wa nne anachungulia. Ukimwambia mama aende mtandaoni, umemwondolea kitu cha bure cha watu wote na kumpa kitu cha kulipia cha mtu mmoja. Sisemi mtandao ni mbaya, hata haya unayasoma huko. Nasema usiutumie kama jibu la haraka la kumfunga mtu mdomo.

Sasa nifike kwenye sababu kubwa ya mimi kujuta ule ujumbe niliosambaza.

Katika nchi hii skrini zimewahi kuzimwa kwa amri. Hilo si uvumi. 30 Januari 2018, siku Raila Odinga alipokula kiapo Uhuru Park kama rais wa wananchi, serikali ilizima Citizen, NTV na KTN. Mahakama Kuu iliagiza zirudishwe tarehe 1 Februari. NTV na KTN zilirudi tarehe 5, Citizen ikangoja hadi tarehe 8. Amri ya mahakama ilikuwa ipo, na skrini bado zilikuwa nyeusi. Tena 25 Juni 2025, vijana walipokuwa barabarani kuwakumbuka waliouawa mwaka mmoja kabla, Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza stesheni ziache kuonyesha maandamano mubashara, na mawimbi ya baadhi yake yakazimwa. Jioni ile ile Mahakama Kuu ikasimamisha agizo hilo.

Wengi wenu mlikuwa barabarani siku hiyo, au ndugu zenu walikuwa. Mnajua kwa nini kamera ni muhimu.

Basi fikiria. Kama kila dikoda ya zamani ikikataa tunapiga kelele "wametuzima," siku watakapotuzima kweli nani atatusikiza? Wakili utakayempigia atauliza, "Ni chaneli gani, saa ngapi, kwa kifaa gani, na jirani anaipata?" Kama huna majibu, huna kesi. Mimi nilisambaza ujumbe bila jibu hata moja kati ya hayo manne. Ningekuwa hakimu, ningenitupa nje.

Kwa hivyo skrini ikizima, kuna maswali matatu, na yafuate kwa mpangilio.

La kwanza, je, chaneli ipo kwa wengine? Nenda kwa jirani mwenye dikoda mpya. Kama kwake inashika na kwako haishiki, tatizo ni mfumo au kifaa. Fanya utafutaji mpya wa chaneli kwa dikoda yako. Angalia nyuma yake au kwenye karatasi yake kama imeandikwa HD, MPEG-4, DVB-S2. Kama haina, hiyo ndiyo sababu.

La pili, kama haipo kwa mtu yeyote, imekatika wapi? Kwa setilaiti pekee, au hata kwa antena na mtandao? Zingine za nchi yetu zinaonekana? Andika saa. Piga picha ya skrini, na maandishi yake yote. Huo ni ushahidi.

La tatu, nani alipaswa kukuambia? Na hili ndilo la haki, kwa hivyo tulitofautishe vizuri.

Kama ni chaneli ya bure kutoka nje, inayoshika hapa kwa sababu tu setilaiti inamulika mpaka kwetu, hakuna ofisi Kenya inayoweza kuilazimisha ibaki SD. Hiyo ni kazi yetu wenyewe kama jamii, nami nitaifikia. Lakini kama ni kampuni yenye leseni ya Kenya, inayokukata pesa kila mwezi kwa M-Pesa, hapo mambo ni mengine. Vile vile duka lililokuuzia kifaa.

Wiki ile ya Ramadhan nilizunguka maduka kadhaa mjini nikiuliza bei ya dikoda za bure. Nilikuta zile za mfumo wa zamani bado ziko kwenye rafu, zimewekwa kando ya mpya, bei ikiwa chini kidogo. Nikauliza, "Hii inasoma HD?" Muuzaji wa kwanza akasema "inasoma zote." Nikageuza boksi, haikuandikwa. Wa pili akasema ukweli, kwamba hajui. Sitawataja, na sidhani walikuwa wezi. Lakini mama aliyechanga mia mbili mbili na wenzake angenunua ile ya bei ya chini, na angeipeleka msikitini ikiwa imeshakufa.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike na alichonunua, na haki ya fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na hata zilizo mikononi mwa mtu mwingine kama anazihitaji kulinda haki yake. Kuna Sheria ya Kupata Habari ya 2016, na wengi wetu hatuitumii kwa sababu tunadhani ni ya mawakili. Sivyo. Ombi linaandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Kama mtu hajui kuandika au ana ulemavu, afisa anatakiwa amsaidie. Kuwasilisha ombi hakulipiwi. Afisa ana siku 21 za kukujibu. Akikataa, unapeleka malalamiko kwa ofisi ya Ombudsman.

Kwa hivyo haya ndiyo ninayopendekeza tuyadai, kwa sauti ya chini na karatasi ya kutosha.

Moja, kampuni yoyote yenye leseni inayotaka kuondoa matangazo ya SD itoe ilani ya miezi sita, kwa Kiswahili, kwa skrini yenyewe na kwa redio, siyo kwa tovuti tu.

Mbili, mteja anayelipa kila mwezi na ambaye kifaa chake alikipata kwa kampuni hiyo hiyo, abadilishiwe bure. Hakuhama yeye, wamehama wao.

Tatu, kila dikoda inayouzwa dukani iwe na maandishi makubwa yanayoeleweka: inasoma HD au haisomi.

Nne, Mamlaka ya Mawasiliano itangaze hadharani mpango wowote ujao wa kubadilisha mifumo, na ifanye vikao vya wananchi huku kwetu pia, siyo Nairobi pekee. Kushirikisha wananchi ni agizo la Kifungu cha 10, hatuombi hisani.

Madai haya si ya Waislamu peke yao. Yule fundi wa Lurambi ana wateja wa makanisa wenye tatizo lile lile. Mzee wa Shinyalu anayetazama taarifa ya habari kwa TV ya kisogo analo. Twende nao. Nikikumbuka ule ujumbe wangu, kilichoniuma zaidi ni kwamba niliwafanya majirani kuwa washukiwa wa kosa ambalo lilikuwa limewapata hata wao.

Na sasa ile kazi yetu wenyewe. Wewe unayesoma hapa una simu, una macho mazima, na pengine umesoma hadi chuo. Una muda wa kuangalia klipu za mpira. Basi wiki hii, baada ya Ijumaa, kaa na kamati ya msikiti dakika kumi. Uliza: Dikoda yetu ni ya mfumo gani? Madrasa ina ngapi? Ni wazee gani wa mtaa wetu wanaishi peke yao na TV iliyogeuka meza? Andika majina kwenye daftari. Nyumba kumi, ishirini, hazizidi nguvu zenu.

Wakati wa kusaidia, usimtese mtu kwa gharama isiyohitajika. TV ya kisogo haihitaji kutupwa. Chagua dikoda ya HD ambayo bado ina matundu ya AV, yale ya nyaya nyekundu, nyeupe na manjano, na ile TV itaonyesha tu. Picha haitakuwa kali kama ya skrini mpya lakini itaonekana. Kama chaneli imebaki kwenye setilaiti ile ile, dishi nalo halibadilishwi. Ukiambiwa ununue kila kitu upya, uliza fundi wa pili.

Pale kwetu tulihitaji 2,800 kwa dikoda na kazi ya fundi. Akina mama walitoa 1,150 kwa sarafu na noti za hamsini, vijana tukamalizia. Ilichukua siku moja. Niliona aibu kwamba nilitumia usiku mzima kutafuta adui kabla ya kutumia siku moja kutafuta dikoda.

Barua ya ombi la habari kwa Mamlaka ya Mawasiliano tumeshaiandika kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Tunauliza mambo mawili tu: kama ipo ratiba yoyote ya kampuni zenye leseni kuacha SD, na ni ilani ya muda gani wanayotakiwa kuwapa wateja. Ukitaka nakala ubadilishe jina la mtaa na utie sahihi yako, andika "BARUA" hapo chini, tutakutumia. Zikifika barua kutoka Kakamega, Mumias, Bungoma, Busia, Kisumu, itakuwa vigumu kusema hakuna aliyeuliza. Tutahesabu siku 21 pamoja, na jibu likija tutaliweka hapa, liwe zuri au baya.

Kukhu alirehemiwa miaka michache baada ya ile Idd. TV yake bado iko nyumbani, na kitambaa chake. Likizo iliyopita nilibeba dikoda nikaijaribu. Ikawaka. Miaka yote ile ilikuwa nzima, ilikosa mtu wa kufika tu.

Fika kwa wako. Wassalamu alaikum.